Pazia Nililokutundikia Turffontein

Kwako Mama, mzazi wa Zuhura wangu,

Shikamoo. Najua uliko huwezi kuniitikia, lakini mkweo hajawahi kufungua mdomo mbele yako bila shikamoo, na hataanza leo.

Mama, kama kuna mtu mwenye bahati katika Johannesburg hii, kuanzia vyumba vya Bellevue mpaka stendi za teksi za mjini, basi ni mimi Shabani. Nasema bila kuona haya. Wenzangu hapa wamefiwa na wazazi wao kwa simu. Mmoja aliambiwa akiwa kwenye foleni ya mpakani, hana pa kulilia. Mimi nilikuwepo. Alhamisi ile nilikaa kitandani kwako, ukafumbua jicho la upande usiopooza, ukanitazama, ukaniita "Baba." Nikakushika mkono, nikakutamkia shahada, ukaifuatisha neno kwa neno mpaka mwisho, ukafumba jicho kama ulivyokuwa ukilipumzisha baada ya kushona. Watu wazima na ndevu zao walilia nilipowasimulia. Kinyozi wangu alizima mashine ili asikie vizuri, akasema, "Shabani, wewe ulizaliwa na nyota kichwani." Nikamwambia nyota ni ndogo, mimi nina mwezi.

Unanijua. Mimi ni mtu wa maneno. Shule tuliachana darasa la sita, kila mmoja akiwa amemchoka mwenzake, lakini dunia ikanipokea: Magomeni, Maputo, Durban, mpaka hapa. Nauza pazia kwa lugha tano na hakuna hata moja ninayoiandika bila kufuta. Kwa hiyo ukikuta nimechafua karatasi, vumilia kama ulivyovumilia kushona kwangu. Ulikuwa ukichukua pazia nililolishona mimi, unalinyanyua dirishani, unaniambia, "Baba, pindo hili limetoka kilabuni?" Kisha unalifumua lote na kulishona upya, na mimi nawaambia wateja ni kazi ya mikono yangu.

Ulikuja kumuuguza Zuhura. Ulikuja na kanga nne na chupa ya mafuta ya nazi, ukidhani ni ugonjwa wa wiki mbili. Tulipomzika nikakwambia, Mama, nitakusindikiza mwenyewe mpaka Tanga, mpaka mlangoni. Ukaniuliza jambo moja tu: "Na yeye nimwachie nani?" Ukabaki. Nikakuachia chumba, mimi nikahamia kibarazani tulipopaziba kwa mbao, na kati yetu nikatundika pazia.

Miaka miwili, Mama. Miaka miwili sikuwahi kulifunua pazia lile. Kila nilipotaka kupita nilikohoa mara tatu kwanza, na wewe unajibu kutoka ndani, "Pita, Baba, na kikohozi hicho utakuja kulazwa nacho." Wakongo wa chumba cha jirani walitucheka. Walikuita Maman Tanga, wakala mchuzi wako wa nazi, wakaniuliza kwa nini mtu anabisha hodi kwenye kitambaa. Nikawaambia huyu ni mama mkwe, nyinyi hamjui heshima. Nilijivunia heshima ile kuliko gari ambalo sina.

Nakumbuka siku ya kwanza nilipokwambia tutashuka kwenye robot, ukaangaza macho njia nzima ukitafuta mtu wa bati. Ulipoonyeshwa kuwa ni taa tu za barabarani ulikasirika kweli. "Nchi nzima hii, taa wanaziita watu!" Tulicheka mpaka dereva wa teksi akauliza kulikoni.

Halafu asubuhi ile. Nikakohoa mara tatu, kimya. Nikakohoa mara sita. Nikasikia kitu kama mguu unakwaruza sakafu. Na mimi, Mama, sikufunua. Nilikimbilia kwa Wakongo nikamwita mama wa pale aje afungue pazia, akaja akijifunga kitenge, akafungua, akapiga ukelele. Ulikuwa chini, mdomo umekwenda upande. Hakuna aliyenilaumu kwa zile dakika. Wote walisema, mkwe wa kweli huyu, hata kwenye balaa anakumbuka adabu.

Hospitali walikutoa baada ya wiki tatu, wakasema kiharusi kimeshatulia ila utahitaji kuogeshwa, kulishwa na kugeuzwa kila baada ya saa mbili. Nani wa kukugeuza? Mimi? Ningewaomba wanawake wa Bellevue wangepeana zamu, najua. Bi Mwanahawa wa Unguja, anayeuza vitumbua pale kona na ndiye anayetuoshea maiti zetu za kike, ndiye rafiki yako wa kwanza hapa, angefunga biashara yake kwa ajili yako. Lakini kuomba ni kusema sijiwezi, na Shabani mtoto wa mjini anajiweza. Nikatafuta nyumba ya kutunzia wazee, Turffontein, nyumba safi kwa nje, ina bustani mbele. Watu nikawaambia uko kituo cha mazoezi, wageni hawaruhusiwi. Niliogopa wakisema nimemtupa mama wa watu.

Kitanda chako kilikuwa ukumbini, pamoja na vitanda vya bibi wengine watano, wahudumu wanaume kwa wanawake wanapita. Sikuweza kulivumilia hilo. Nikarudi kesho yake na pazia. Lile la kijani, Mama, lenye bitana, zito, nililokuwa nimemkatalia mteja kwa sababu ni zuri mno. Nikapanda ngazi, nikakutundikia kuzunguka kitanda chote, juu mpaka chini. Nikamwambia mama mwenye nyumba, huyu ni mkwe wangu, asifunuliwe na mwanaume, na pazia hili lisiachwe wazi hata siku moja. Akasema, "Sharp, Mr Shabani, sharp," yaani sawa. Na wewe ukasema kwa ule mdomo wa upande, "Sasa nimekuwa malkia."

Nikawa nikija nakaa nje ya pazia, kwenye kiti cha plastiki, tunazungumza hivyo hivyo. Jumamosi moja ulisikia kelele kutoka uwanja wa mbio za farasi.

"Wanashangilia nini wale?"

"Farasi, Mama. Wameshindana."

"Na farasi anapewa nini?"

"Hapewi kitu. Anarudishwa bandani."

Ukasema, "Basi akimbie polepole."

Ilikuwa mara ya mwisho kunichekesha.

Kwa sababu baada ya hapo ilianza ile harufu. Sitaipamba. Ilikuwa harufu ya kitu kinachooza, ikipita chini ya pazia langu zuri, na mimi nikajiambia ni dawa. Ningekuuliza nini? Mama, una kidonda wapi? Mkwe anamuuliza mkwe wake swali hilo? Nikanunua udi, Mama. Nikawapa wahudumu udi na kitezo cha umeme, nikawaonyesha namna ya kuuchoma. Nikatoka pale kifua mbele.

Na wewe ukaanza kuniomba. "Baba, niitie Mwanahawa." Nikasema wiki ijayo. Wiki iliyofuata, "Baba, Mwanahawa hajaja?" Nikasema ana shughuli, Mama, vitumbua vinatoka sana. Haja yako haikuwa vitumbua. Ulikuwa na jambo la kumwonyesha mwanamke mwenzako, ambalo usingeweza kunionyesha mimi. Mimi nikaona nikimleta Mwanahawa, Bellevue nzima itajua uko wapi. Mara ya tatu hukuita jina lake. Ulisema tu, "Haya, Baba."

Hiyo "haya" ndiyo ninayoisikia mpaka leo.

Ulipofariki tukakufanyia yote yanayotakiwa, haraka, kama desturi. Jioni ile ile Bi Mwanahawa na wenzake wakakuosha, asubuhi tukakuzika karibu na mwanao. Alipotoka chumba cha kuoshea aliniita pembeni, mikono bado ina maji. "Shabani, nani alikuwa akimgeuza mama yako?" Nikamwambia wataalamu. Akajifuta mikono, akaenda zake. Mwosha maiti hasemi alichokiona, hilo tunalijua sote. Anakwenda nalo kaburini.

Alikaa nalo mpaka siku ya arubaini. Watu walipokwisha kula na kuondoka akabaki anakusanya sahani, akasema bila kunitazama, "Mgongo ule ulifika mfupa. Na kisigino. Na nyonga ya kushoto. Yule hakugeuzwa, Shabani. Yule aliachwa."

Kesho yake nilianza kuulizia wakili.

Sasa, Mama, kuna ofisi mjini, ghorofa ya nne, chini yake kuna kanisa linalopiga ngoma siku zote za wiki, ambako mawakili wanasaidia watu bila malipo. Nilidhani wataanza na karatasi zangu za uhamiaji. Walianza na jina lako. Wakili aliyenipokea ni binti wa Kizulu, Thandeka, ana miwani mikubwa na hacheki ovyo. Nilimtolea maneno yangu yote ya kuchekesha, kama ninavyowafanyia wateja. Akasubiri nimalize, kisha akaniita kaka kwa Kizulu.

"Bhuti Shabani, una picha za vidonda?"

"Sina. Mtu hapigwi picha vile."

"Ripoti ya daktari? Mwili ulichunguzwa?"

"Tulimzika kesho yake asubuhi."

"Eish." Akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo ushahidi uko wapi?"

"Uko kaburini," nikasema, "na kwenye macho ya mama mmoja anayeuza vitumbua."

Hata hivyo akawaandikia wenye nyumba, akataka kumbukumbu zako zote. Walijibu kwa barua yenye nembo. Walisema ulifariki kwa amani saa nane kasoro mchana. Walisema ulihudumiwa kwa heshima zote, na kwamba kama kuna kitu hakikuonekana, ni kwa sababu familia iliagiza uzungushiwe pazia na lisifunguliwe, nao walitii. Mama, pazia langu! Thandeka aliponisomea mstari ule nilitamani meza inimeze.

Pamoja na barua walituma karatasi ya kugeuzwa. Imepigwa mistari, kila baada ya saa mbili kuna alama, wino mmoja, mkono mmoja, mwezi mzima. Alhamisi yenyewe imeandikwa: saa tano asubuhi, amegeuzwa, amekunywa maji. Saa saba mchana, amegeuzwa, amekunywa maji.

Thandeka akaigeuza karatasi upande wangu. "Wewe uliniambia ulikuwepo alipofariki. Vizuri sana. Ulifika saa ngapi? Nani ulimwona akimgeuza?"

Nikamwambia saa zetu Waswahili zinahesabiwa tofauti. Hakucheka. "Bhuti, utaapa. Hati ya kiapo si hadithi. Ukisema ulikuwepo, basi umeona walivyomtunza saa zile, na karatasi yao inasimama. Fikiria, urudi Jumatatu na yule mama."

Nikaenda kwa Bi Mwanahawa. Akakataa. Akasema miaka ishirini anaosha, hajawahi kutoa la maiti nje ya chumba, na hataanza na rafiki yake. Sikumlaumu. Nikanunua vitumbua sita nisivyovitaka nikaondoka. Siku ya tatu akanitumia ujumbe niende. Nilimkuta amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, jiko limezimwa, jambo ambalo halijawahi kutokea Bellevue.

"Nimekwenda kuuliza msikitini," akasema. "Nimeuliza na moyo wangu pia. Aibu ya maiti naisitiri. Hii si aibu yake. Hii ni aibu yao. Nitakwenda kwa wakili, nitasema nilichokiona."

Nikaanza kumshukuru, nikamwambia yeye ni simba jike, hakuna mwanamke kama yeye kuanzia Unguja mpaka Cape Town. Akaninyooshea mwiko.

"Nyamaza, Shabani. Sijamaliza. Mimi nitasema nilichokiona, na wewe utasema usichokiona."

"Una maana gani, Bi Mwanahawa?"

"Nilimkuta mdomo wazi. Kidevu hakikufungwa. Mikono imekunjwa kifuani kama kuku, imekauka vile vile, nilihangaika kuinyoosha. Mtu akifa mbele ya mtu wake hafi hivyo. Unamfumba macho, unamfunga kidevu kwa kitambaa, unamnyoosha viungo vikiwa bado laini. Hata mtoto wa madrasa anajua. Na wewe unajua." Akashusha mwiko. "Nimekaa siku zote hizi nasikiliza hadithi yako kwa kinyozi, kwenye arubaini, kila mahali. Nimekusitiri wewe kama ninavyositiri maiti. Lakini wewe uko hai, baba. Jisemee."

Mama, nilikaa chini pale pale, kwenye lami, na suruali yangu ya kaki.

Kwa hiyo nakuandikia wewe kabla ya Jumatatu. Nimeiandika barua hii iwe wazi. Kinyozi nitamwomba aibandike kwenye kioo chake, maana waliosikia hadithi yangu pale ni wengi kuliko waliokuja mazishini. Na kama kuna msomaji ambaye mzee wake yuko kwenye nyumba kama ile, au amekwisha kumzika na ana neno moyoni, nampa nililonalo. Funua pazia. Kama wewe ni mkwe na unaona haya, peleka mwanamke wa kufunua, leo, si wiki ijayo. Ukisikia harufu, usinunue udi. Na mawakili wale wapo, watakusikiliza hata Kiingereza chako kikiwa cha sokoni. Ila ukifika kwao uwe na ukweli mkononi, maana uongo wako utawafaa wale walioandika karatasi.

Pazia la kijani ninalo. Nililishusha mwenyewe, limekunjwa kibarazani. Mteja mmoja aliliona akalitaka. Nikamwambia haliuzwi. Akauliza lina nini. Kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na maneno ya kumwuzia mtu.

Kwenye simu yangu kuna ujumbe wa sauti ambao sijamsikilizisha mtu. Nitampa Thandeka Jumatatu. Uliachwa Alhamisi ile, saa nne na dakika kumi asubuhi. Ni sauti ya mhudumu, nyuma yake televisheni inacheka: "Mr Shabani, pole, mama amefariki. Tafadhali njoo." Saa nne, Mama. Saa tano wanasema wamekugeuza. Saa saba wanasema umekunywa maji. Ujumbe huu ndio utakaowaangusha, na nimeukalia muda wote huu kwa sababu unaniangusha mimi kwanza.

Simu ilipoita nilikuwa dukani, nimezungukwa na wateja, nasimulia kisa cha Mganda na mashine ya kufulia. Niliona namba yao. Nikafikiri wanataka sabuni tena. Nikaigeuza simu kifudifudi juu ya kaunta ili nimalize kisa, na watu walicheka sana. Nilisikiliza ujumbe saa saba. Nilifika saa nane na nusu. Nilikuwa sijakanyaga pale siku kumi na moja.

Na hata nilipofika sikufunua. Nilisimama nje ya pazia nililolitundika mimi, nikakohoa mara tatu, nikatamka shahada kwa kitambaa, nikaenda kungoja gari la mazishi barabarani. Hapo ndipo hadithi yangu ilipozaliwa, na ilikuwa nzuri kila nilipoirudia, mpaka siku nyingine nilikuwa naiona kwa macho.

Msalimie Zuhura. Mwambie mumewe ni yule yule, ila ameanza kujifunza kunyamaza. Lala salama, Mama, kwa upande wowote utakaoupenda, na unisamehe nikishindwa kukuomba radhi vizuri zaidi ya hivi.

Hukunitazama. Hukuniita Baba. Sikukushika mkono. Ulikufa peke yako nyuma ya pazia langu, na mimi nilikuwa mjini nachekesha watu. Sikuwepo.

Mkweo,
Shabani